Bei ya Kukodi Jina: Mkataba wa Moteli katika Jimbo la Wyoming



Tangu Mkutano Mkuu uliopita, Ofisi ya Union imeletewa swali moja na zaidi ya chama kimoja cha msingi, na yaelekea vingine vitalileta. Chama kina jengo lake kando ya barabara kuu. Vyumba vya kulaza wageni vipo, au vyaweza kujengwa kwa mkopo. Kisha akafika mgeni nadhifu mwenye mkoba wa karatasi, akasema: msihangaike kutafuta wateja, sisi tutawapa jina linalojulikana duniani kote, nanyi mtatulipa sehemu ndogo tu ya mapato. Je, Halmashauri itie sahihi?

Makala haya hayakusudii kujibu ndiyo wala siyo, kwani kila chama kina jengo lake, deni lake na barabara yake. Yanakusudia kueleza biashara hiyo ilivyo ndani, ili wajumbe watakapokaa mezani wajue ni kitu gani hasa wanachouziwa. Tumeamua kuieleza kwa mfano wa Wyoming, jimbo mojawapo la Marekani. Marekani ndiko biashara hii ilikokulia, na sheria ya huko humlazimisha mwenye jina kuyaweka masharti yake katika maandishi, hata mtu wa mbali akaweza kuyachambua. Aidha, Wyoming ina watu wachache kupita majimbo yote ya nchi ile, na mahali penye watu wachache ndipo thamani halisi ya jina hujitokeza wazi. Katika mji mkubwa hoteli yaweza kuishi kwa harusi, mikutano na wageni wa serikali. Katika mji wenye watu elfu nane, uliozungukwa na nyika tupu, hoteli huishi kwa wapita njia peke yao.

Jina na matofali

Biashara tunayoieleza huitwa franchaizi. Sisi tutaiita kukodi jina, maana ndivyo ilivyo. Mtu aonapo bango kubwa la hoteli mashuhuri hudhani kwamba kampuni ya bango hilo ndiyo mwenye jengo. Mara nyingi sivyo. Jengo ni mali ya mtu mwingine, pengine mume na mke wenye mkopo wa benki. Mishahara ni juu yao, kodi ya ardhi ni juu yao, na bomba likipasuka kwa baridi ni juu yao. Kampuni huleta jina, mtambo wa kupokea maombi ya vyumba, matangazo, kitabu cha taratibu, na mkaguzi anayekuja kupima kama taratibu hizo zinafuatwa.

Si biashara ngeni. Howard Johnson alianza kukodisha jina la mikahawa yake mwaka 1935. Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis mwaka 1952, na baada ya miaka michache jina hilo likatapakaa katika barabara kuu za Marekani. La kushangaza ni kwamba majina mengine yaliyokuja kuwa makubwa yalizaliwa katika majimbo yenye watu wachache yanayopakana na Wyoming. KOA, jina la viwanja vya kupigia mahema, lilianzia Billings, katika Montana, mwaka 1962, wakati wasafiri wengi walipokuwa wakipita hapo kwenda kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Seattle. Moteli ya kwanza ya Super 8 ilifunguliwa Aberdeen, South Dakota, mwaka 1974, na bei ya chumba ilikuwa dola 8 na senti 88. Ndiko lilikotoka jina lenyewe.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Msafiri anayekatiza nchi tupu, jua likizama na watoto wamelala kiti cha nyuma, haijui ile moteli ya mbele. Huenda shuka ni chafu, huenda mlango haufungiki. Aonapo jina alilolala nalo juzi katika mji mwingine, moyo hutulia. Utulivu huo wa moyo ndio unaouzwa. Hapo zamani ulikuwa na thamani kubwa sana. Siku hizi msafiri anayo simu mkononi, naye aweza kuona picha za chumba na kusoma maoni ya waliolala humo wiki iliyopita, hata kama moteli haina jina lolote kubwa. Kwa hiyo thamani ya utulivu ule imepungua, ingawa haijakwisha. Bei yake, kwa bahati mbaya, haikupungua pamoja nayo.

Nchi yenyewe

Eneo la Wyoming ni kilometa za mraba zipatazo 253,000, yaani zaidi kidogo ya robo ya eneo la Tanzania. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walipatikana watu 576,851. Hesabu yetu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,889,773 kwa Zanzibar peke yake. Basi waondoe zaidi ya theluthi mbili ya watu wa Zanzibar, kisha hao waliobaki watawanye katika robo ya Tanzania bara. Hapo utakuwa umeiona Wyoming.

Wageni wa moteli za huko huja kwa njia tatu. Wa kwanza ni watalii waendao Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1872 na ya kwanza ya namna yake duniani. Hao huja kwa mamilioni, lakini walio wengi huja katika miezi michache ya kiangazi. Wa pili ni wapitao barabara kuu namba 80, ikatizayo kusini mwa jimbo kutoka Cheyenne, kupitia Laramie, Rawlins na Rock Springs, hadi Evanston: madereva wa malori, jamaa wanaohama, wachuuzi. Wa tatu ni wafanyakazi wa migodi, wa visima vya mafuta na gesi, na wa reli, ambao waajiri wao huwalipia vyumba kwa wiki na miezi.

Kila moja ya njia hizo yaweza kukauka ghafla. Mwezi Machi 2016 kampuni mbili kubwa za makaa ya mawe katika bonde la Powder River, kwenye eneo la Gillette, ziliachisha kazi watu zaidi ya 400 kwa siku moja. Mwaka 2020 Yellowstone ilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona tangu Machi hadi Mei. Mwaka 2021 ikapata wageni wengi kuliko wakati wowote, zaidi ya milioni 4.8, na mwaka uliofuata, Juni 2022, mafuriko yakabomoa barabara zake, malango yote yakafungwa, na wageni wa mwaka ule wakashuka hadi milioni 3.3 hivi. Mtu aliyenunua moteli mwishoni mwa 2021 kwa kutazama hesabu za mwaka ule alinunua mwaka ambao haukurudi.

Makato yakatwapo

Sasa tufike kwenye fedha. Mkodi wa jina hulipa ada ya kuingia, ambayo kwa moteli ya kawaida huwa makumi ya maelfu ya dola. Baada ya hapo hulipa mrabaha, aghalabu asilimia 4 hadi 6. Juu yake mchango wa matangazo. Juu yake tena ada ya mtambo wa kupokea maombi ya vyumba, na malipo ya pointi za zawadi wapewazo wasafiri wa mara kwa mara. Jumla yake mara nyingi hufika kwenye asilimia 10, na wakati mwingine huzidi.

Asilimia 10 ya kitu gani? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Si asilimia 10 ya faida. Ni ya pato lote la vyumba, kabla mshahara haujalipwa, kabla umeme haujalipwa, kabla benki haijachukua chake. Mkulima wa kahawa au pamba atalielewa jambo hili upesi kuliko mfanyabiashara wa mjini, kwa maana analijua katika makato ya kila kilo. Makato hayamwulizi mkulima kama dawa ya mwaka huu ilipanda bei. Kilo ikipimwa, hukatwa. Tofauti ni kwamba mkulima, akiwa mwanachama, huweza kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza makato yale yalifanya nini, na wenzake wakimwunga mkono huweza kuyapunguza. Mkodi wa jina hana mkutano mkuu.

Tuchukue moteli ya mfano. Si ya mtu yeyote. Ni hesabu ya ubaoni. Ina vyumba 50. Katika miezi minne ya kiangazi, Juni hadi Septemba, yaani siku 122, vyumba 85 katika kila 100 vina wageni, na bei ni dola 120. Katika siku 243 zilizobaki, vyumba 30 tu katika kila 100 vina wageni, na bei imeshuka hadi dola 65. Chumba kimoja kikilaza mgeni usiku mmoja, tuhesabu malazi 1.

Kiangazi kitaleta malazi 5,185, na pato la dola 622,200. Miezi minane mingine italeta malazi 3,645, na pato la dola 236,925. Jumla ya mwaka ni dola 859,125. Gharama za uendeshaji, yaani mishahara, umeme na gesi, bima, kodi, matengenezo na ufuaji, tuseme ni dola 560,000. Jengo lilinunuliwa kwa mkopo wa dola 2,200,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 20, hivyo benki inadai kadiri ya dola 220,800 kila mwaka. Ukiyatoa hayo yote hubaki dola 78,325.

Makato ya jina, kwa asilimia 10 ya pato, ni karibu dola 85,900. Faida imegeuka hasara ya zaidi ya dola 7,500, na mwenye jengo hajajilipa hata senti.

Mtetezi wa jina atasema, na kwa haki, kwamba bila jina malazi hayo yasingefika 8,830. Swali basi ni hili: jina halina budi kuleta malazi mangapi, ambayo yasingekuja bila hilo, ili lijilipie lenyewe? Kusafisha chumba kilicholala mgeni, pamoja na chai ya asubuhi, tukadirie dola 25. Wastani wa bei kwa mwaka mzima ni dola 97 na senti 30. Toa 25, hubaki dola 72 na senti 30. Gawanya makato yale kwa kiasi hicho, utapata malazi 1,190 hivi, yaani karibu malazi 2 katika kila 15. Mtu aweza kusema hilo linawezekana.

Lakini mtu mwenye busara ataendelea kuuliza: hayo malazi 1,190 yatatoka mwezi gani? Katika mwezi wa Julai, kwenye miji iliyo karibu na malango ya Yellowstone, kila kitanda hupata mtu, chenye jina na kisicho na jina. Vivyo hivyo Cheyenne, wiki zile za mwisho wa Julai zenye sherehe ya Frontier Days, iliyoanza mwaka 1897: mgeni aliyechelewa hushukuru kupata hata chumba cha mbali. Jina haliwezi kujaza chumba ambacho kimekwisha kujaa. Basi, ikiwa kiangazi kingejaa bila jina, kazi yote ya jina itabaki katika ile miezi minane ambapo bei ni dola 65. Toa 25, hubaki 40. Gawanya dola 85,900 kwa 40, utapata malazi 2,148, na malazi yote ya miezi ile ni 3,645. Zaidi ya nusu ya wageni wote wa majira ya baridi hawana budi kuwa wameletwa na bango, na bango tu.

Na miezi hiyo nayo ina kinyume chake. Upepo na theluji vikizidi kati ya Laramie na Rawlins, wakuu wa barabara huifunga barabara namba 80, malori yakajipanga foleni, na usiku ule madereva hulala popote penye paa. Hakuna anayesoma bango. Lakini mkataba hukata asilimia 10 ya usiku ule pia, sawasawa na usiku mwingine.

Katika nchi yenye watu wachache, kwa hiyo, jina haliumbi wasafiri. Wapitao ni wale wale. Kazi yake kubwa ni kuwatoa kwa jirani na kuwaleta kwako, na jirani akikodi jina lake naye, wote wawili watakuwa wanalipa asilimia 10 ili wabaki pale walipokuwa.

Tusiseme kwamba jina ni ulaghai. Mabenki mengi hukopesha kwa moyo mwepesi moteli yenye jina kuliko isiyokuwa nalo, na kwa mtu asiye na mtaji hiyo pekee yaweza kuamua jambo. Kampuni yenye mafundi mia barabarani hupenda kulipa mahali penye hesabu inayoeleweka. Naye aliyeingia katika kazi ya kulaza wageni akiwa hajui hata kupanga zamu za wafagizi atafaidika na kitabu cha taratibu. Ila mwanafunzi huhitimu siku moja, na mkataba humdai miaka 10, 15 au 20.

Vifungu vitatu

Katika mikataba hii mirefu, vifungu vitatu ndivyo vinavyostahili kusomwa mara mbili.

Kimoja ni cha eneo. Mwenye jengo hudhani kwamba akikodi jina katika mji mdogo, mwenye jina hatampa mtu mwingine jina lile lile mjini humo. Mikataba mingi haimhakikishii hivyo, au humhakikishia kwa maili chache na kwa muda mfupi tu. Isitoshe, kampuni moja siku hizi humiliki majina mengi. Yaweza kumpa jirani yako jina la pili ambalo ni ndugu wa lako, na mtambo ule ule wa kupokea maombi, unaoulipia wewe, ukampelekea wageni yeye. Mjini Chicago hilo laweza kuvumilika. Katika mji wenye njia mbili za kutokea barabara kuu, ni kugawana sahani moja ya ugali.

Kingine ni cha matengenezo. Mwenye jina ana haki ya kudai magodoro mapya, mazulia mapya, bango jipya, rangi mpya ya kuta, kila atakapobadilisha sura ya jina lake. Fundi na vifaa vikitoka Denver au Salt Lake City, safari yao huingia katika bei. Mtu anapomnunulia mwingine moteli yenye jina tayari, mkataba wa zamani kwa kawaida haumhamii. Hutakiwa kuomba upya, kulipa ada upya, na kupewa orodha ya matengenezo ambayo muuzaji aliyakwepa kwa miaka kadhaa. Wapo waliokubaliana bei ya jengo kwanza na kuiona orodha baadaye.

Cha tatu ni cha kutoka. Mkodi akiacha jina kabla ya muda, hudaiwa fidia iliyopangwa tangu mwanzo: wastani wa makato ya mwezi mmoja mara idadi fulani ya miezi, mathalani 24 au 36. Kwa moteli yetu ya ubaoni, makato ya mwezi ni kama dola 7,160. Mara 36 ni karibu dola 257,700. Mtu anayetaka kuacha jina kwa sababu hasara imemzidi huambiwa anunue ruhusa ya kuacha kupata hasara. Na kwa kuwa mara nyingi ametia sahihi kwa dhamana yake mwenyewe, nyumba anayokaa nayo imo.

Karatasi za kisheria

Tangu mwaka 1979, kwa sheria ya Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani, mwenye jina hutakiwa kumpa mnunuzi waraka wa maelezo. Kwa utaratibu uliorekebishwa mwaka 2007, waraka huo una vifungu 23, na ni lazima umfikie mnunuzi angalau siku 14 kabla hajatia sahihi wala kutoa fedha. Kifungu cha 5 na cha 6 hutaja ada zote. Cha 12 hueleza eneo. Cha 21 huonyesha hesabu zilizokaguliwa za kampuni yenyewe. Kifungu cha 19 ndipo mwenye jina aweza kueleza mapato ya wakodi wake, lakini halazimishwi. Akiacha kukijaza, mchuuzi wake haruhusiwi kukutajia mapato hayo kwa mdomo.

Lenye manufaa kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kifungu cha 20. Humo huorodheshwa wakodi waliopo pamoja na wale walioondoka katika mwaka uliopita, na jinsi ya kuwapata. Mnunuzi mwerevu huwapigia kwanza walioondoka. Waliopo wana bango la kulinda. Walioondoka wana hesabu tu.

Hata hivyo ieleweke kwamba serikali haiukagui waraka huo kabla haujatolewa, na aliyedanganywa hawezi kufungua kesi ya madai kwa kutumia sheria hiyo peke yake. Baadhi ya majimbo yameongeza ulinzi wao. California ilitunga sheria yake mwaka 1970, na North Dakota, jimbo lenye watu wachache vilevile, humtaka mwenye jina ajiandikishe kwanza. Wyoming haina sheria ya namna hiyo. Mnunuzi wa huko hana mlinzi ila siku zile 14, wakili wake, na simu anazopiga.

Waliotoka kwetu

Hapa historia hiyo inatuhusu zaidi kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Miongoni mwa walionunua moteli ndogo za barabarani Marekani katika miaka ya 1970 walikuwamo jamaa wa asili ya Gujarat waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania. Wa Uganda wengi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Walinunua nyumba zilizochakaa, wakakaa humo humo, baba akipokea wageni, mama akifua shuka, watoto wakifanya masomo yao nyuma ya meza ya mapokezi. Kampuni za bima na mabenki ziliwakatalia. Mwaka 1989 ukaundwa mjini Atlanta umoja uitwao AAHOA, wa wenye hoteli Wamarekani wa asili ya Asia, na leo umoja huo husema kwamba wanachama wake humiliki kama asilimia 60 ya hoteli za Marekani.

Walio wengi kati yao walikodi majina, na vifungu vile tulivyovieleza viliwauma. Mwaka 1998 umoja wao ulitoa masharti 12 ya haki katika kukodi jina: kuhusu fidia ya kutoka, kuhusu jirani kupewa jina lile lile, kuhusu kulazimishwa kununua vifaa kwa muuzaji mmoja, na mengineyo. Masharti hayo si sheria. Lakini mtu mmoja mwenye vyumba 40 huko Rawlins hawezi kumfanya mwenye jina asogeze hata nukta, bali wenye vyumba milioni wakikaa pamoja husikilizwa, ingawa hawapati yote wayatakayo. Mwanachama wa ushirika hahitaji kuelezwa zaidi.

Jina lililo mali ya wenye majengo

Iko njia nyingine, nayo ni ya zamani. Mwaka 1946, M. K. Guertin, mwenye moteli huko California, aliwaunganisha wenye moteli wenzake wawe wakipelekeana wageni: msafiri alipoondoka asubuhi, mwenye moteli alimpigia simu mwenzake wa mji wa mbele amwekee chumba. Huo ndio mwanzo wa Best Western. Jina lilikuwa la wenye majengo wenyewe. Walilipa michango kwa uendeshaji, wakachagua wakurugenzi wao, na wakapiga kura juu ya mambo makubwa. Mwanachama wa namna hii hakufungwa kwa miaka 20. Kwa muda mrefu, uanachama ulihuishwa mwaka hadi mwaka.

Tusiisifu kupita kiasi. Umoja ukikua huajiri wataalamu, wataalamu huandika taratibu, na taratibu huwa kali kama za kampuni yoyote. Mwanachama wa mji mdogo hudaiwa mazulia mapya sawa na wa mji mkubwa. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya North Dakota iliamua kwamba uanachama wa Best Western, japo huitwa uanachama, kwa maana ya sheria ya jimbo lile ni franchaizi. Mahakama haikutazama neno lililoandikwa juu ya karatasi, ilitazama nani analipa, nani anaamuru, na jina ni la nani. Sisi wenyewe tuna vyama vinavyoitwa vya ushirika ambavyo kipimo hicho kingeviumbua, lakini hayo ni ya toleo jingine.

Chama chenye mkataba wa namna hii mezani kiulize kabla ya yote mambo haya: makato ni ya pato lote au ya faida; katika miezi ya mvua, barabara ikikatika, kima cha chini cha malipo ni kiasi gani; ni nani mwingine aweza kupewa jina hilo wilayani; na siku ya kuacha, chama kitadaiwa kiasi gani, kwa dhamana ya mali ipi. Mchuuzi asiyetaka kuwataja waliokwisha kuacha jina lake amekwisha jibu swali moja.

Nakala ya mkataba, pamoja na hesabu za jengo za miaka mitatu iliyopita zikigawanywa kwa mwezi na si kwa mwaka, iletwe kwa Mkaguzi wa Union kabla Halmashauri haijatia sahihi wala kutoa ada ya kuingia. Mkaguzi atairudisha pamoja na maoni yake katika muda wa siku 14.